Vitambaa Pembeni ya Bwawa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Waliomlea walimwita Rula, na hawakuwa na nia ya kumwita kitu kingine. Jina hilo lilianza utotoni, siku shangazi yake alipomwachia tuta moja la mchicha apande. Shangazi aliporudi alikuta miche imesimama mistari mitupu, imenyooka kuliko ya daftari, na mtoto amekaa pembeni analia kwa sababu mche mmoja umekataa kukaa sawa na wenzake. "Huyu si mtoto, huyu ni rula," shangazi akasema. Basi, likamganda.

Shangazi mwenyewe aliitwa Jemadari. Hakuna aliyekumbuka nani alimpa cheo hicho, ila hakuna pia aliyewahi kukihoji. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye macho ya kumfanya dereva wa lori la mboga azime injini bila kuambiwa. Yeye na kaka yake, yaani baba yake Rula, ndio waliochimba bwawa kule mwisho wa uwanja wa ndege, kwa majembe na ndoo, enzi ambazo ndege zilitua mara chache kwa wiki na mbuzi walilisha ndani ya uzio. Ardhi ile haikutakiwa na mtu. Kaka akafa, wifi alikuwa ametangulia, na Jemadari akabaki na bwawa na mtoto. Akavilea vyote viwili.

Wanawake wengine walimfuata wakalima kuzunguka maji yale, na ni mchicha wao, pilipili zao na bilinganya zao zilizompeleka Rula shuleni mpaka chuo kikuu. Alirudi na shahada ya mipango miji, akaajiriwa na halmashauri. Siku ya kwanza kazini Jemadari alimsindikiza mpaka getini, akamwambia mlinzi, "Huyu ni wangu. Akichelewa, nipigie mimi." Mlinzi akaitikia shikamoo, ingawa yeye na Jemadari walikuwa wa umri mmoja.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba Rula hakuwa mtu wa kuja. Wapo wapangaji wanaochora mji wasioujua, wamekaa mbele ya kiyoyozi, wakiona kijani kwenye picha wanaandika "eneo wazi." Rula hakuwa hivyo. Alijua tuta lipi hukauka mapema na mfereji upi hupenda kuziba. Alijua vilevile, na hili ndilo lililomnyima usingizi tangu chuoni, kwamba nusu ya mboga zile ziliozea barabarani kabla ya kufika kwenye soko lolote la maana, wakati ndege zilikuwa zinapita juu ya vichwa vya wakulima zikiwa na nafasi tele.

Ndipo akaja na mpango wake. Katika chumba chenye meza mbili, feni inayolalamika na ramani zilizoviringishwa juu ya kabati, alichora uwanja wa ndege na ardhi yote inayouzunguka. Hapa chumba cha baridi, hapa kiwanda kidogo cha kufungasha mboga, kule maghala, maegesho ya malori, hoteli ya wasafiri na soko. Ndege kubwa za mizigo zingetua, zingepakia mboga asubuhi, na jioni zingekuwa mezani kwa watu wa mbali. Mipango mingi ya aina hiyo huota vumbi kabatini. Huu ukapata mwekezaji. Halmashauri nzima ilichangamka, na mwenyekiti, mzee mzito wa mwili asiyeachana na chupa yake ya chai, akaanza kumwita Rula "mwanangu."

Tatizo likawa bwawa.

Meneja wa uwanja wa ndege alikuwa mwanamume mwembamba, na mashati yake yalipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Alimweleza Rula bila kupandisha sauti. Ndege kubwa hazitapewa kibali cha kutua maadamu kuna maji ya wazi mwisho wa njia ya kurukia. Sababu ilikuwa yangeyange, wale ndege weupe wa majini wenye shingo ndefu, waliojazana bwawani kila siku. Mmoja wao akiingia kwenye injini, mambo yameharibika. Rula hakubisha, kwani ripoti juu ya yangeyange aliiandika yeye mwenyewe. Akaweka kwenye mpango kisima kirefu, matangi makubwa yaliyofunikwa, na mabomba mpaka kwenye kila bustani. Bwawa lingefukiwa. Ila mwekezaji alitaka matinga yaje mara moja, yafukie na kusawazisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, na matangi yajengwe msimu unaofuata.

"Msimu unaofuata," Jemadari alirudia, siku Rula alipompelekea habari hiyo. Walikuwa uani, Jemadari anachambua pilipili. "Na msimu huu mboga zitakunywa nini? Ahadi?"

"Shangazi, niamini."

"Wewe nakuamini. Hao waliokaa nyuma yako ndio siwajui."

"Matangi yako kwenye mpango. Nimeyachora mimi kwa mkono wangu."

"Bwawa nalo nililichimba mimi kwa mkono wangu. Mimi na baba yako. Kiganja chake kilipasuka hapa." Akajionyesha katikati ya kiganja. "Maji yale ndiyo yamekukuza, leo unakuja kuyazika na karatasi kwapani. Hongera sana."

Maneno yakazaa maneno. Tangu siku hiyo wakanuniana, na Jemadari alikuwa bingwa wa kununa. Rula akienda kumsalimia Jumapili, shangazi alimwitikia kwa kuongea na kuku. "Wewe kuku, mwambie mgeni chai iko jikoni. Mwambie na sukari najua haweki, anajitunza." Rula alikunywa chai ile kwa shida. Alimpenda shangazi yake kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana kiburi kilimpanda kila alipokanyaga ua ule.

Wakulima wakakutana, wakaamua Jemadari aende mji mkuu kumwona waziri, apinge bwawa kufukiwa. Wakachanga nauli ya basi. Jemadari akaikataa.

"Miaka yote hii tumekaa chini ya matumbo ya hizi eropleni," akawaambia. "Mimi nitapanda humo humo. Nataka nilione bwawa kutoka juu kama wanavyoliona wao, ili nikifika kwa waziri asinibabaishe na ramani." Wakacheka, wakaongeza mchango. Naye akawaagiza, "Nikipita, simameni pembeni ya maji mnipungie. Vueni vitambaa vya kichwa mvipunge, nijue ni nyinyi."

Rula aliposikia akaenda uani kumzuia, na hapo ndipo walipovunjiana heshima kabisa. Alimwambia kwamba safari hiyo ni ya kumwaibisha yeye mbele ya kazi yake. Jemadari akamwambia kuku kwamba mgeni ana aibu za bei ghali. "Haya, nenda!" Rula akasema. "Nenda kwa waziri. Lakini mimi siji kukuaga." Akatoka bila kufunga mlango.

Siku ya safari Rula alikuwa kwenye eneo la kiwanda, ng'ambo ya mfereji, anakagua vigingi vilivyopigwa na wapima. Alijiambia amekwenda kwa sababu ya vigingi. Jua lilikuwa la utosi. Kwenye uwanja, ndege ya mchana ilikuwa imeanza kuunguruma, na kwa mbali aliona foleni fupi ya abiria ikitembea kuelekea ngazi. Mmoja wao alikuwa mfupi, mnene kiasi, anatembea kana kwamba ndege ni yake. Rula akainamisha kichwa, akaendelea na vigingi.

Kisha king'ora kikalia.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kila ndege ilipojiandaa kuruka, gari la uwanja lilipita njia nzima ya kurukia likipiga king'ora, kuwafukuza yangeyange waliokuwa wanaokota panzi kwenye nyasi. Nao walijua pa kwenda. Walihamia bwawani, wakatulia. Kwa wakulima, king'ora hicho kilikuwa kengele ya chakula. Kikilia, majembe chini, wote wanapanda kwenye kibanda cha mabati kule juu, mbali na maji. Hakuna aliyewaamuru. Yalikuwa mazoea tu, kwa sababu kelele za injini haziruhusu mtu kufanya kazi wala kupiga soga. Na mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwalinda abiria miaka yote bila mtu kujua. Rula mwenyewe hakujua, pamoja na ripoti yake nene iliyosema yangeyange wanalala wapi na wanakula nini.

Aliinua kichwa akitarajia kuwaona wakulima wanapanda kibandani. Hawakupanda. Walikuwa wanashuka. Walijipanga pembeni ya bwawa, mstari mmoja mrefu, wamevaa nguo nzuri kama wanakwenda kupigwa picha, na mmoja baada ya mwingine wakavua vitambaa. Mbele yao, juu ya maji na kwenye matete, yangeyange walikuwa wamejaa mpaka bwawa limekuwa jeupe.

Ndipo akaelewa.

"Ondokeni hapo!" alipiga kelele. "Ondokeni! Kaeni chini!"

Alikimbia kuelekea mfereji. Kule mwisho wa njia ndege ilikuwa imekwisha kugeuka, imewaelekezea pua, na injini zilipanda sauti mpaka Rula hakuisikia sauti yake mwenyewe. Akainua mikono yote miwili juu, akaipunga huku na huku, akaipishanisha, akaruka, akaipunga tena. Mama Mapacha, jirani wa Jemadari ambaye ndiye aliyewapanga wenzake mstari, alimwona. Uso ukamchanua kwa furaha. Akawagusa wenzake, akamwonyesha kwa kidole, na midomo yake ikasema wazi, "Na Rula naye! Na Rula naye!" Akapunga kitambaa chake kwa nguvu zaidi.

Ndege ikanyanyuka. Wakulima wakapaza vigelegele, vitambaa vyekundu, vya manjano, vya bluu vikarushwa juu, na wengine wakakimbia ukingoni wakiifuata. Yangeyange wakaruka wote kwa pamoja. Rula aliwaona wakipanda, weupe, bila haraka, wakivuka mbele ya ndege iliyokuwa inakuja. Kisha ukasikika mlio mkavu, kama mlango unaobamizwa. Injini ya kushoto ikatoa moshi. Ndege ikainama upande, ikapita juu yao chini kuliko ndege yoyote iliyowahi kupita, na manyoya yakaanza kudondoka majini.

Vigelegele vikakatika. Ndege ilikwenda ikizidi kuwa ndogo, upande mmoja umelala, moshi nyuma yake. Mama Mapacha alibaki ameshika kitambaa chake mbele ya kifua. Rula alisimama ndani ya mfereji, matope magotini, na kichwani mwake kulikuwa na maneno yale yale tu, mimi siji kukuaga, mimi siji kukuaga. Alitamani ayameze, lakini maneno yakishatoka hayana pa kurudi. Ndege ilikuwa inageuka. Iligeuka polepole, polepole mno, ikapotea nyuma ya miti, na hapo ndipo mama mmoja alipoanza kulia kwa sauti.

Ikatokea tena upande wa pili, chini, inayumba. Gari la zimamoto lilikuwa linakimbia kando ya njia. Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena, na ndege ikakimbia mpaka karibu na mwisho kabisa ndipo ikasimama.

Rula hakujua alifikaje kwenye uzio. Abiria walishuka wakijikwaa, wengine wamevua viatu. Jemadari hakuwemo. Wakaisha, naye hakuwemo. Rula alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili, anahesabu vichwa upya kama vile amekosea, mpaka kwenye ngazi alipotokea mwanamke mfupi, mkoba begani, anashuka hatua kwa hatua akiwa ameshikwa mkono na mhudumu. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba alichelewa kwa sababu hakujua mkanda unafunguliwaje, na hakutaka kumuuliza mtu.

Walimpeleka hospitali kumwangalia, wakamrudisha nyumbani. Rula alipokwenda, alikuta mlango umefungwa na Mama Mapacha amekaa kizingitini. "Amelala," alisema bila kumtazama usoni. "Hasemi na mtu. Hata na kuku hasemi."

Kikao kiliitwa haraka. Asubuhi yake, kabla watu hawajaingia, meneja wa uwanja alimkuta Rula kwenye ngazi za ukumbi wa halmashauri, akamvuta pembeni.

"Nasikia ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

"Sikiliza, dada yangu. Nitakuuliza mbele ya watu swali moja tu. Wale yangeyange waliruka wenyewe, au walirushwa? Ukisema waliruka wenyewe, yameisha. Bwawa ni hatari, matinga yapo getini, kesho linafukiwa na mpango wako unapita. Ukisema kuna watu waliwarusha, mimi sina ujanja, lazima niite polisi. Unajua kuhatarisha ndege ni kosa gani?" Alimshika bega, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. "Nakuachia wewe."

Rula aliingia ukumbini. Mtego ulikuwa umetegwa kwa adabu. Akisema waliruka wenyewe, anawaokoa wakulima na polisi na kuwaua kwa kiu, na yeye anapata kila alichokichora. Akisema walirushwa, Mama Mapacha na wenzake wanalala ndani. Walikuwa wamekaa nyuma, mstari ule ule, vitambaa vimefungwa kichwani na kukazwa. Katikati yao alikaa Jemadari, mkoba mapajani, anatazama mbele.

Mwenyekiti alifungua kikao, akapiga funda la chai, akampa meneja nafasi. Meneja alieleza uharibifu wa injini kwa maneno machache, kisha akamgeukia Rula na kuuliza swali lake vilevile kama alivyoahidi.

Rula alisimama. Alijaribu kulitafuta jibu la tatu na hakuliona.

"Walirushwa," alisema.

Nyuma mtu alishusha pumzi kwa nguvu. Mama Mapacha akafunika mdomo.

"Walirushwa kwa sababu kulikuwa na watu pembeni ya bwawa wakati ndege inapita. Siku zote hawapo. King'ora chenu kikilia wanakwenda kula, bwawa linatulia. Lakini nani anawapeleka yangeyange pale? Ni gari lenu, meneja. Kila siku linawasukuma kwenye maji, mwisho wa njia, halafu ndege inawapitia juu. Wewe hukuliona, na mimi niliyeandika ripoti sikuliona. Nilihesabu yangeyange, watu sikuwaweka humo. Kama kuna mtu wa kushtakiwa, muanze na mimi." Aliwanyooshea mkono waliokaa nyuma. "Na wakulima hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanamuaga mtu wao."

"Waliambiwa na nani wasimame pale?" meneja aliuliza.

"Na mimi."

Jemadari alikuwa amesimama. Alikuwa mfupi kiasi kwamba waliokaa mbele walilazimika kugeuka ili wamwone.

"Niliwaambia mimi wavue vitambaa wanipungie. Kwa hiyo kama unaita polisi, ita. Mkoba wangu huu hapa, nimekwisha kufungasha, toka siku ile sijaufungua."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. "Sasa nimpeleke polisi abiria aliyenusurika kwenye hiyo hiyo ndege? Kituoni nitaeleza nini? Kwamba alijitegea mwenyewe?" Kicheko kikapita ukumbini, cha watu waliokuwa wanakihitaji. Hata meneja alitazama viatu vyake.

Jemadari hakucheka. "Nina neno jingine. Nilikwenda juu nikalione bwawa langu. Nimeliona. Ni dogo. Sikutegemea kama ni dogo vile, na ile barabara ya eropleni imelilenga katikati kabisa. Nimesikia kishindo, nimeona watoto wa watu wanalia ndani mle. Leo silitetei bwawa tena." Akahamishia mkoba mkono wa pili. "Lakini maji nayatetea mpaka kufa. Matangi kwanza. Yajae, niyaonje, mabomba yatoe maji kwenye tuta la mwisho, ndipo mfukie. Na kabla ya hapo, king'ora kikilia tutahakikisha hakuna anayesogea pale. Mimi mwenyewe nitawalinda. Nani atapita mbele yangu?"

Hakuna aliyejitokeza. Meneja alipinga, akataja ratiba, akataja mwekezaji, akataja gharama za matinga kukaa bure getini. Rula akasimama tena, akasema wazi mbele ya mwenyekiti kwamba jina lake haliendi chini ya mpango unaofukia maji kabla ya kuleta maji, na kama halmashauri inataka sahihi nyingine itafute mpangaji mwingine. Mwenyekiti safari hii hakumwita mwanangu. Mabishano yalikwenda mpaka chai yake ikaisha. Mwisho akamgeukia katibu: "Andika. Matangi kwanza."

Walipotoka nje, wakulima walimzunguka Rula, wakamshika mikono, Mama Mapacha akamlilia begani. Kisha wakatawanyika, akabaki na shangazi yake kwenye ngazi za ukumbi. Hakukuwa na kuku wa kusemea. Jemadari alikaa chini, akaweka mkoba miguuni, akapapasa simenti karibu yake. Rula akakaa.

"Umenenepa au umekonda?" Jemadari aliuliza.

"Nimekonda, shangazi."

"Nilijua tu. Chai bila sukari." Jemadari alikuwa anasugua kiganja chake katikati, pale alipomwonyesha siku ile. "Nikwambie kitu? Mle ndani nilikuwa na hasira na wewe mpaka mkanda unanibana. Nikasema, mtoto niliyemlea hakuja hata kuniaga. Halafu eropleni ikanyanyuka, nikachungulia dirishani. Nikawaona wale na vitambaa vyao. Halafu nikakuona wewe, peke yako, ng'ambo ya mfereji. Umeinua mikono yote miwili unanipungia, unaruka ruka kama ulivyokuwa mdogo nikirudi sokoni." Akageuka, na macho yake, yale ya kuzima injini za malori, yalikuwa yamejaa maji. "Pale pale hasira ikaniisha. Ndipo kishindo kikaja. Nikajiambia, hata nikifa, mtoto ameniaga."

Rula alifungua mdomo. Yeye mtu wa mistari iliyonyooka, ambaye hakuwahi kumdanganya shangazi yake hata kuhusu mche mmoja wa mchicha. Alitaka kulia na alitaka kusema ukweli, na aliona kwamba hawezi vyote viwili.

"Ndiyo, shangazi," alisema. "Nilikuwa nakupungia."

Jemadari akampiga kofi dogo gotini, akasimama, akajifuta uso na ncha ya kitambaa. "Haya, twende. Kuku hawajala."

Matangi, kama ilivyo desturi ya mambo ya halmashauri, yalichelewa. Kisima kilichimbwa, mabomba yakalazwa, vifuniko havikuja. Meneja akaanza tena kutaja ratiba. Jemadari akasema atakwenda mji mkuu kuviulizia, na atakwenda kwa eropleni ile ile, kwa sababu nauli ya kwanza hakuitumia ikaisha.

Siku hiyo king'ora kilipolia, wakulima wote walipanda kwenye kibanda cha mabati, wakakaa, mikono mapajani, vitambaa vimefungwa. Bwawa lilikuwa jeupe na kimya. Rula hakuwa huko. Aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye kibaraza cha wasindikizaji, mbali na maji, akasimama mahali ambapo dirisha lolote la ndege lingemwona. Ndege ilipopita mbele yake ikikimbia aliinua mikono yote miwili, akaipunga, akaruka, watu wakamgeukia wakashangaa mtu mzima ana nini. Hakuwajali. Aliendelea mpaka ndege ikawa kitone, na mikono ikamuuma mabegani. Safari hii alikuwa anapunga kweli.